Seva bandia inajibu kwenye laptopu, kwenye simu inagoma. Tatizo liko wapi?

#1 mshona_tovuti
Wakuu, salaam. Natengeneza duka la mtandaoni la mama mmoja anayeuza vitenge Kariakoo. Bekendi (upande wa seva) anaandika jamaa mwingine na hajamaliza, kwa hiyo nimeweka MSW (Mock Service Worker, seva bandia ya ndani ya kivinjari) ili frontendi (upande anaouona mteja) ipate majibu ya kuigiza wakati tunamsubiri. Nimejaza bidhaa 40, kila kitenge na bei yake na picha yake. Kwenye laptopu kila kitu safi: orodha inakuja, kikapu kinajaa, hata malipo "yanapita".

Sasa mteja hana kompyuta. Yeye na wanunuzi wake wote ni watu wa simu. Nikawasha Vite (seva ninayotengenezea ukurasa) kwa --host ili vifaa vingine viione, nikafungua http://192.168.1.14:5173 kwenye simu. Ukurasa unafunguka, nembo inaonekana, ila bidhaa hakuna hata moja. Nilipochomeka waya nisome makosa nikakuta: Unexpected token '<'. Alama hiyo sijaiandika popote kwenye JSON yangu (maandishi ya data ambayo seva hujibu nayo). Jumamosi nakwenda dukani kumwonyesha. Hii ni siku ya pili nimekaa nayo.

#2 Kaka_Poti
Umeandika localhost mahali fulani kwenye msimbo. Localhost ya simu ni simu yenyewe. Ni sawa na kumwambia mtu "nikute nyumbani" naye akaenda nyumbani kwake. Weka IP (anwani ya mtandao) ya laptopu, maliza kazi.

#3 mshona_tovuti
Mkuu #2, nimetafuta faili zote, localhost haimo. Naita /api/bidhaa tu, bila jina la seva mbele.

#4 Mzee_wa_Loji
Angalia ruta. Nyingine zimewekwa kutenga vifaa, kila kimoja kinaona intaneti lakini havionani vyenyewe kwa vyenyewe. Ukiwa kwenye Wi-Fi ya hoteli au ya ofisi ya kupanga ndiyo kabisa. Pili, kama ni Windows, uliuambia huo mtandao ni wa umma au wa nyumbani? Ukisema wa umma, ukuta wake wa kinga unazuia wageni wote.

#5 bintiKisauni
Mzee wangu #4, kwa heshima, ruta ingekuwa inatenga hata nembo asingeiona. Ukurasa umefika kwenye simu, maana yake njia ipo.

Shahidi wa kesi hii ni hiyo alama ya '<'. Ndivyo faili la HTML linavyoanza. Simu imeomba /api/bidhaa, Vite haina kitu chenye jina hilo, na desturi yake ikikosa njia ni kurudisha index.html pamoja na namba 200 kana kwamba mambo ni mazuri. Programu yako ikajaribu kusoma HTML kama JSON, ikakwama kwenye herufi ya kwanza. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: kwa nini MSW haikulidaka hilo ombi kabla halijafika Vite?

#6 Dogo_wa_Mabibo
Natia kambi hapa. Mimi ndiyo naanza, hivi vitu navihitaji.

#7 jogoo_la_usiku
Jibu la swali la #5: kwa sababu kwenye simu MSW haipo kabisa. Inafanya kazi kupitia sevisi woka, kile kiprogramu kinachokaa ndani ya kivinjari na kusimama mlangoni, kila ombi linalotoka linapita mkononi mwake. Vivinjari haviruhusu kitu chenye nguvu hiyo kisajiliwe kwenye ukurasa usio salama. Salama maana yake HTTPS, au localhost ambayo imesamehewa. Kwenye laptopu unafungua localhost, unasamehewa. Kwenye simu unafungua http://192.168.1.14, hiyo haisamehewi, hata kama ni kompyuta ileile ya mezani kwako.

Hakikisha mwenyewe: kwenye konsoli ya simu (pale uliposoma makosa) andika navigator.serviceWorker. Ukipata undefined, umemshika mwizi.

#8 Kaka_Poti
Sikatai ya #7, ila msiitupe ya localhost. Node toleo la 17, mwaka 2021, ilibadilisha mpangilio wa kutafuta majina, localhost ikaanza kuangukia ::1 (anwani ya IPv6) badala ya 127.0.0.1 (ya IPv4). Kuna watu walipoteza siku nzima: seva inasikiliza kwenye 127.0.0.1, programu inabisha hodi kwenye ::1, inajibiwa ECONNREFUSED, yaani muunganisho umekataliwa. Mpaka leo naandika 127.0.0.1 kwa herufi zake.

#9 bintiKisauni
Ni kweli, lakini huko utapata ECONNREFUSED. Hutapata '<'. Kila kosa lina lafudhi yake, Kaka_Poti.

#10 tarakilishi_ya_bibi
Mimi naona ni ujuaji wa kupitiliza. Ameburudisha ukurasa kwa Ctrl+Shift+R? Ukiburudisha kwa nguvu namna hiyo kivinjari kinamruka sevisi woka, hata kwenye localhost. Yalinikuta. Nilikuwa naburudisha kwa nguvu ili nifute kashe, kumbe kila nikifanya hivyo naizima seva yangu bandia kwa mkono wangu. Nikiburudisha kawaida inarudi. Nilidhani kompyuta ina mapepo.

#11 mshona_tovuti
#7, navigator.serviceWorker kwenye simu: undefined. Asante sana.
#10, kwenye simu sijui hata hiyo Shift iko wapi 😀
Sasa natokaje? Jumamosi haisogei.

#12 jogoo_la_usiku
Kama simu ni Android, chomeka waya wa USB, washa utatuzi wa USB, kisha kwenye laptopu tumia adb, zana ya kuiamuru Android kutoka kwenye kompyuta:

adb reverse tcp:5173 tcp:5173

Halafu kwenye simu fungua http://localhost:5173. Hapo Kaka_Poti atafurahi: localhost ya simu inakuwa kweli laptopu yako. Kivinjari kinaona localhost, kinasamehe, sevisi woka anasajiliwa. Wi-Fi haihitajiki, IP haihitajiki.

#13 Msukuma_wa_Data
Au aachane na MSW kwa hiyo siku. json-server: faili moja la db.json, amri moja, una seva halisi kwenye poti 3000 inayokubali GET, POST, PUT, PATCH na DELETE (kusoma, kuongeza, kubadilisha na kufuta), na ukiongeza kitu kinabaki kwenye faili. Toleo la 0.17 husikiliza localhost tu, mpe --host 0.0.0.0 ndipo simu itamwona. Hapo hakuna sevisi woka wala HTTPS, ni seva kama seva nyingine.

Ninachoipendea: unaona maombi yakiingia kwenye skrini nyeusi, moja baada ya jingine. MSW inafichaficha.

#14 bintiKisauni
Haifichi, inaandika kwenye konsoli. Lakini hoja yako naikubali kwa upande mwingine: MSW anakaa ndani ya programu, json-server anakaa nje, na makosa mengi ya kweli yanazaliwa njiani kati ya hao wawili. Poti tofauti ni asili tofauti, kivinjari kitataka ruhusa ya seva, na kwa baadhi ya maombi kitatuma OPTIONS kwanza kuiulizia. Ukitumia MSW hayo yote huyaoni, unakuja kuyaona siku ya kuunganisha na bekendi.

#15 Msukuma_wa_Data
Na json-server nayo inaruhusu kila mtu tangu mwanzo, kwa hiyo hata kwangu huyaoni. Tumetoka sare.

#16 Dogo_wa_Mabibo
Samahani wakubwa, hii yote si inakula bando? Nina MB 300 mpaka Jumatatu.

#17 Mzee_wa_Loji
Inakula, ndiyo. Kila data inayopita hotspoti inahesabiwa.

#18 Kaka_Poti
Hapana Mzee. Simu ikiwa hotspoti na laptopu imeungwa kwake, mazungumzo ya hao wawili hayatoki kwenda kwa mtandao wa simu. Zima data kabisa, bado ukurasa utafunguka. Kinachokula bando ni npm install (kushusha vifurushi vya msimbo), na ngrok (njia ya kuipitisha seva yako kwenye intaneti). Ngrok inatoka mpaka nje ya nchi ndipo irudi kwenye simu iliyo pembeni yako, unalipa kwenda na kurudi. Dogo, hii ndiyo raha ya seva bandia: umeme ukikatika una betri, bando likiisha bado unafanya kazi. Shusha vifurushi ukiwa chuoni.

#19 nahodha_wa_Nyali
Wadau, nimesoma kimya tangu jana, lakini kuna neno kwenye #1 limenikaa kooni: "hata malipo yanapita". Hapo ndipo mimi nilipoumia, acheni niwasimulie.

Nilifanya mfumo wa tiketi wenye malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa. Kwa wasioijua: unatuma ombi la STK (linalomtokezea mteja kwenye simu pa kuweka PIN), unapata jibu la papo hapo lenye ResponseCode "0". Hiyo sifuri haimaanishi mtu amelipa. Inamaanisha ombi lako limepokelewa. Mteja bado ameshika simu anatazama pa kuweka PIN. Jibu la kweli linakuja baadaye, linatumwa kwenye anwani yako, na humo ndimo mna ResultCode: 0 kalipa, 1032 kaghairi mwenyewe, 1037 simu haikupatikana, 1 salio halitoshi.

Seva yangu bandia ilijua 0 peke yake. Nilinakili mfano wa malipo yaliyofaulu, ndani yake mna CallbackMetadata yenye kiasi, namba ya risiti, tarehe na simu. Nikaandika msimbo unaokwenda moja kwa moja kuchukua risiti humo. Miezi miwili majaribio ni kijani tupu. Siku ya kwanza hewani mtu wa kwanza kughairi, mfumo ukaanguka. Kwa nini? Malipo yasipofaulu CallbackMetadata haiji kabisa. Nilikuwa nafungua mlango usiokuwepo. Na kwa kuwa ulianguka, waliolipa baada yake nao tiketi hazikutoka mpaka nilipouwasha upya. Watu walikuwa wamesimama getini. Nilirudisha pesa za watu kwa mkono, mmoja mmoja, usiku kucha.

Kingine: kwenye jibu la kurudi ResultCode huja kama namba, 0. Ukiuliza hali ya malipo kwa njia ya kuhoji, huja kama maneno, "0". Ukilinganisha kwa ===, inayotofautisha namba na maneno, mmojawapo atakukana.

mshona_tovuti, kabla hujampelekea huyo mama, ifanye seva yako ikatae malipo. Ifanye ichelewe sekunde 40. Ifanye inyamaze. MSW ina delay na ina HttpResponse.error() kwa ajili ya kukata njia kabisa.

#20 bintiKisauni
Pole sana jirani. Bandiko hili lingekuwa la kwanza.

#21 mwalimu_wa_zamani_Tabora
Mnaita kitu hiki "moko" kwa Kiingereza chake, na mimi nimefundisha miaka 19, nimesimamia moko nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Moko ya shule, moko ya wilaya, moko ya mkoa. Kwetu moko ya mkoa ilitungwa ngumu kwa makusudi. Mtoto akitoka humo amelia, akiingia kwenye mtihani wa Taifa anapumua. Nyinyi, kwa ninavyowasoma, mnatunga moko rahisi, mnajipa alama 100, halafu mnashangaa NECTA.

#22 jogoo_la_usiku
Mwalimu, shikamoo. Hii naikata naibandika ukutani.

#23 tarakilishi_ya_bibi
Mwalimu amesema vizuri ila mimi napinga kidogo. Moko ngumu inatungwa na mtu anayejua silabasi. Sisi silabasi hatuna! Bekendi hajaandika kitu, unamwigiza nani? Unaigiza ndoto zako. Ndiyo maana mimi sikubali kuanza bila faili la OpenAPI (karatasi inayoeleza seva inapokea nini na inajibu nini) lililokubaliwa pande zote mbili. Likishakuwepo unampa Prism, anakuwekea seva kwenye poti 4010 inayojibu kwa kufuata yale makubaliano, na ukituma kitu kisicholingana anakukatalia. Hapo bekendi na frontendi wanasoma karatasi moja.

#24 Msukuma_wa_Data
Karatasi hiyo inasasishwa na nani? Nimekuta faili la OpenAPI la mradi mmoja limeachwa nyuma na bekendi kwa mwaka. Seva bandia inafuata karatasi, bekendi inafuata alivyoamka mwandishi wake. Bora kurekodi majibu halisi. WireMock inaweza kusimama katikati, ikanasa majibu ya seva ya kweli, kisha ikayarudia. Hayo si ndoto za mtu.

#25 nahodha_wa_Nyali
Ukirekodi, safisha. Ukinasa majibu halisi umenasa majina na namba za simu za watu, kisha unazisukuma GitHub pamoja na majaribio. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania mmepitisha yenu 2022. Badilisha namba kabla hujahifadhi.

#26 Msukuma_wa_Data
Naam, hilo sikulitaja na lilistahili.

#27 mama_wa_pikseli
Mimi ni msanifu, siandiki bekendi, ila kwenye data bandia nina neno. Mnachukua JSONPlaceholder (data bandia ya bure mtandaoni), mtumiaji wa kwanza Leanne Graham, ukurasa unapendeza. Kisha anakuja Ng'wanakilala mwenye kibainishi katikati ya jina, fomu inamkataa. Anakuja mtu wa jina moja tu, fomu inamdai la ukoo. Bei kwenye mfano ni 12.99, kwetu ni 1,250,000 na inamwagika nje ya kitufe. mshona_tovuti, hivyo vitenge 40 vina majina marefu yanavyoitwa sokoni, au umeandika "Kitenge 1, Kitenge 2"?

#28 mshona_tovuti
Kitenge 1 mpaka Kitenge 40 😔 Nitampigia mama usiku huu anitajie majina.

Ripoti: adb reverse imekubali. jogoo_la_usiku, ubarikiwe. Na nimeongeza malipo yanayokataa, nikagundua kitufe cha "Lipa" kinaendelea kuzunguka milele. Nahodha, nimeshukuru.

#29 Kaka_Poti
Na tarehe je? Tarehe ya muamala kwenye lile jibu la Daraja ni namba ndefu, mwaka mwezi siku saa dakika sekunde, bila kutaja ni saa za wapi. Laptopu yako iko saa za Afrika Mashariki, seva ya kukodi mara nyingi iko UTC, nyuma kwa saa tatu. Kwa saa ya seva hiyo, mauzo ya kuanzia saa sita usiku mpaka saa tisa usiku yanaangukia jana. Kwenye seva bandia kila kitu kinatokea saa nne asubuhi, huwezi kuona.

#30 Mzee_wa_Loji
Nani ananunua kitenge saa nane usiku?

#31 mama_wa_pikseli
Mzee, mwenye harusi Jumapili na sare hazijatosha.

#32 mshona_tovuti
Nimerudi kutoka dukani. Habari nzuri kwanza: kwenye simu yangu kila kitu kilifanya kazi, mama amefurahi, amerekebisha majina matatu palepale. Mbaya: yeye anatumia iPhone, na adb haipo huko. Usiku wa kuamkia leo nilitengeneza cheti kwa mkcert (zana ya kujitengenezea vyeti vya HTTPS), nikawasha HTTPS kwenye Vite, nikaweka cheti cha mzizi kwenye simu yake. Ukurasa ukafunguka lakini kwa onyo, nikabonyeza kuendelea, na bidhaa hazikuja. Kosa lilelile, ila Safari inaliandika kwa maneno mengine.

#33 jogoo_la_usiku
Kuweka cheti kwenye iPhone ni hatua ya kwanza tu. Kuna ya pili, ndani ya mipangilio, sehemu ya Kuhusu, chini kabisa, unawasha kukiamini. Bila hiyo ni karatasi tupu. Na kubonyeza "endelea" mbele ya onyo hakumridhishi sevisi woka, cheti lazima kiwe kimekubalika kweli.

#34 bintiKisauni
Mimi nauliza IP. Cheti ulikitengeneza nyumbani, kwa 192.168.1.14. Dukani uliunga kwenye nini?

#35 mshona_tovuti
Kwenye hotspoti ya iPhone yake.

#36 bintiKisauni
Basi IP ilikuwa 172.20.10 kitu fulani. Cheti kinataja anwani nyingine kabisa. Jogoo, hata angekiamini mara kumi kingekataliwa.

#37 jogoo_la_usiku
Inawezekana. Lakini kama hakuwasha kukiamini, tungepata onyo hata IP ingekuwa sahihi. Onyo lilisemaje hasa?

#38 Msukuma_wa_Data
Na json-server isiyotaka cheti chochote bado inawasubiri kwenye poti 3000.

#39 mshona_tovuti
Skrinishoti ya onyo sikupiga, nitarudi dukani Jumanne. Ila kuna jipya: jamaa wa bekendi ametuma API yake ya kwanza saa moja iliyopita. Nimezima MSW, nikaunganisha. Bidhaa zimekuja zote 40. Kikapu kinasema jumla ni NaN, yaani "si namba".

Bei kwangu niliandika 15000. Yeye ameleta "15,000/=".

#40 mwalimu_wa_zamani_Tabora
Lete hiyo JSON yote hapa, kijana, tuisome pamoja.